Nchi Ikidai Talaka

Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania iliitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, kuwa nchi huru. Hakuna dola nyingine iliyokuwa imethubutu kufanya hivyo kabla yake, na waliolisikia tangazo lile walikuwa na sababu ya kushangaa. Julai 1964, mjini Cairo, ni rais huyuhuyu wa Tanzania, Mwalimu Julius Nyerere, aliyewashawishi viongozi wenzake wa Afrika waape kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Somalia na Morocco zilipinga, kila moja ikiwa na ardhi yake inayoidai kwa jirani. Wengine walikubali. Mipaka ile ilikuwa imechorwa na wageni, mara nyingine kwa rula, lakini Mwalimu aliona kwamba ukiugusa mmoja hakuna utakaosalimika. Miaka minne baadaye alikuwa anawaambia Wanigeria kwamba upande mmoja wa nchi yao una haki ya kushika njia.

Sababu zake alizieleza mwezi uleule katika gazeti la Observer la London. Dola ipo ili watu waishi salama. Mwaka 1966 Waigbo waliuawa kwa maelfu kaskazini mwa Nigeria, na waliosalia walikimbilia kwao wakiwa na yakini kwamba serikali ya nchi yao haiwezi, au haitaki, kuwalinda. Umoja husimama juu ya ridhaa, na ridhaa ikishakufa, kinachobaki ni mshindi na mateka wake. Kisha akaligeuza suala likamwelekea mwenyewe. Kama Wazanzibari walio wengi wangeona kwa hiari yao, bila kuchochewa na mtu wa nje, kwamba Muungano unawadhuru, yeye asingeweza kutetea kuwapiga mabomu ili wabaki. Muungano wenyewe ulikuwa na umri wa miaka minne tu.

Biafra ilianguka Januari 1970. Waliokufa, wengi wao kwa njaa, wanakadiriwa kuzidi milioni moja.

Swali ambalo Mwalimu alilijibu kwa namna mbili katika miaka minne bado liko mezani, na wanaoliuliza leo wanatoka Barcelona, Edinburgh, Hargeisa na hata Texas. Je, sehemu ya nchi inaweza kuondoka kwa amani? Wanafalsafa wamezoea kulijibu kwa kuchunguza madai ya anayeondoka: amedhulumiwa kiasi gani, ni taifa kweli, ana kura ngapi. Historia inaelekea kuonyesha kwamba wanamhoji mtu asiye na jibu.

Abraham Lincoln, alipoapishwa Machi 1861 huku majimbo saba ya kusini yakiwa yamekwisha kujitangaza nchi mpya, alitumia mfano wa mume na mke. Wanandoa, alisema, wanaweza kuachana na kila mmoja akaenda zake asionekane tena na mwenzake. Vipande vya nchi haviwezi. Vitabaki vinatazamana, na shughuli kati yao, ziwe za kirafiki au za uadui, hazitakoma. Ni hoja nzito. Lakini Lincoln alikuwa akiizungumzia talaka kama mtu anayeijua ya aina moja tu. Kadhi yeyote wa mwambao angemweleza kwamba ndoa huvunjika kwa njia zaidi ya moja, na kila njia ina gharama yake na mtu wake anayelia.

Ipo talaka yenyewe, inayotoka mdomoni mwa mume. Tarehe 9 Agosti 1965 Bunge la Malaysia lilipiga kura 126 kwa 0 kuitoa Singapore katika shirikisho ambalo ilikuwa imedumu ndani yake kwa muda usiofika miaka miwili. Tunku Abdul Rahman, waziri mkuu wa Malaysia, aliona mabishano baina ya Wamalay na Wachina yatageuka mauaji. Lee Kuan Yew, kiongozi wa Singapore, alitokwa machozi mbele ya kamera za televisheni. Nyaraka za baadaye zimeonyesha kwamba baadhi ya mawaziri wa Singapore walikuwa wameshiriki kimyakimya kuipanga talaka hiyo, kwa hiyo machozi yale yana historia ndefu kuliko yalivyoonekana. Jambo la kuangalia ni maji. Kisiwa kile kilikuwa kikinywa maji ya Johor, ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, na mkataba wa kuachana ukaweka ndani yake dhamana kwamba maji hayatakatwa. Mmoja wa mikataba ya maji unaendelea hadi mwaka 2061. Walioachana wanachota kisima kimoja kwa karatasi iliyotiwa saini, jambo ambalo Lincoln alidhani ni gumu mno.

Ipo mubarati, pale wote wawili wanapochokana. Katika kiangazi cha 1992 Václav Klaus wa Wacheki na Vladimír Mečiar wa Waslovakia walikaa chini ya mti katika bustani ya jumba moja mjini Brno na kuanza kugawana Chekoslovakia. Mali ya shirikisho inayohamishika iligawanywa kwa jumla mbili kwa moja kufuata idadi ya watu. Sarafu ya pamoja iliishi karibu wiki sita baada ya mgawanyo wa tarehe 1 Januari 1993. Hakuna aliyekufa. Lakini wananchi hawakupewa kura ya maoni, na maoni yaliyokusanywa wakati ule yalionyesha kwamba wengi wa pande zote mbili hawakutaka kutengana. Václav Havel alijiuzulu urais Julai 1992. Kwa mtu anayeamini kwamba amani na demokrasia ni ndugu wa tumbo moja, mfano huu unakera: mtengano mtulivu kuliko yote ya karne iliyopita ulifanywa na wanasiasa wawili bila kuwauliza wenye nchi.

Na ipo khului, mke anapoomba kuondoka na kurudisha mahari, au chochote kitakachokubaliwa. Norway ni mfano mzuri. Tarehe 7 Juni 1905 Bunge lake lilitangaza kwamba muungano na Sweden, uliokuwapo tangu 1814, umekwisha. Sweden iliomba uthibitisho kwamba ndiyo kauli ya watu. Agosti wakapiga kura: 368,208 wakataka kutoka, 184 wakataka kubaki. Wanawake, ambao hawakuwa na haki ya kura, walizunguka wakakusanya saini zinazokaribia robo milioni. Majeshi ya pande zote yalikuwa yamesogea mpakani. Katika mazungumzo ya Karlstad Sweden ilitaja bei: ngome za mpakani zibomolewe. Wanorway waliumia, kwa kuwa walikuwa wametoka kuzijenga, lakini walilipa. Kabla ya hapo walikuwa wamemwomba mfalme waliyemkana awape mmoja wa watoto wake awe mfalme wao mpya. Mzee Oscar alikataa, na si ajabu.

Aina ya nne, faskhi, ndiyo inayowapa shida wanafalsafa. Hapa mume hataki kuacha, mke anakwenda kwa kadhi na ushahidi wa madhara, na kadhi anaivunja ndoa. Allen Buchanan, katika kitabu chake cha mwaka 1991, ametetea karibu wazo hilo kwa nchi: kujitenga ni dawa, na dawa hupewa mgonjwa. Jamii iliyouawa, iliyonyang'anywa ardhi yake au kuvunjiwa ahadi kwa makusudi ina haki ya kutoka. Iliyochoka tu haina. Wapinzani wake, kama Harry Beran, wanasema ridhaa yatosha, kwa sababu mtu halazimiki kuonyesha makovu ili aruhusiwe kuondoka.

Nadharia ya Buchanan inavutia mpaka uisogeze karibu na maisha. Kwanza, kadhi hayupo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoulizwa kuhusu Kosovo, ilisema Julai 2010, kwa majaji 10 dhidi ya 4, kwamba kutangaza uhuru hakukuvunja sheria ya kimataifa. Haikusema kwamba Kosovo ni nchi. Ni kama kadhi anayemwambia mke kwamba kusema "nimeondoka" si kosa, kisha anafunga faili. Pili, na hili ni baya zaidi, ushahidi wa madhara ni maiti. Sudan Kusini ilipata kura yake ya Januari 2011, na asilimia 98.83 wakachagua uhuru, kwa sababu mkataba uliotiwa saini Nairobi Januari 2005 ulikuja baada ya vita vilivyoua watu wanaokadiriwa milioni mbili. Eritrea ilipiga kura Aprili 1993 baada ya miaka 30 ya bunduki. Kura zote mbili zilikuwa za amani, na watu walipanga foleni wakiimba, lakini hakuna anayeweza kusema kwa moyo mkunjufu kwamba mtengano wenyewe ulikuwa wa amani. Sheria inayodai damu kwanza humfundisha kila mtu mahali pa kuitafuta.

Kisa cha Quebec kinalionyesha hilo kwa upande wa pili. Tarehe 30 Oktoba 1995 Waquebec walishindwa kujitenga kwa tofauti ya kura 54,288, kati ya kura karibu milioni tano. Serikali ya Kanada, ikiwa bado inatokwa jasho, ikapeleka swali kwenye Mahakama ya Juu ya nchi. Jibu la Agosti 1998 ni miongoni mwa maandishi yenye busara zaidi kuhusu jambo hili. Quebec haikandamizwi, walisema majaji, kwa hiyo sheria ya kimataifa haiipi haki ya kujiondoa peke yake. Lakini wingi ulio dhahiri, kwa swali lililo wazi, ukisema unataka kutoka, Kanada nzima itakuwa na wajibu wa kukaa mezani. Yaani mke hana haki ya kuondoka bila mazungumzo, na mume hana haki ya kujifanya kiziwi. Majaji waliacha kusema ni asilimia ngapi iitwayo wingi dhahiri, wakawatupia wanasiasa mzigo huo.

Siku sita kabla ya kura ile ya 1995, Wakri, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Quebec, walikuwa wamepiga kura yao wenyewe. Zaidi ya asilimia 96 walisema hawataki kutolewa Kanada. Kama Kanada yagawanyika, waliuliza, kwa nini Quebec isigawanyike?

Hapo ndipo hoja zote hukwama, na Waswahili wanao mfano wa jirani. Desemba 1974 visiwa vinne vya Komoro vilipiga kura. Kwa jumla, zaidi ya asilimia 90 walitaka uhuru. Mayotte, ikihesabiwa peke yake, karibu theluthi mbili walitaka kubaki na Ufaransa. Ufaransa ikaamua kuhesabu kisiwa kwa kisiwa, Umoja wa Mataifa ukalaani, na Mayotte ni Ufaransa hadi leo. Watu walewale na kura zilezile zilitoa majibu mawili kulingana na mstari wa kuhesabia. Mwaka 1997 Anjouan nayo ikajitangaza huru kutoka Komoro, na wakubwa wake wakaomba, kwa kioja cha aina yake, watawaliwe upya na Ufaransa, ambayo ilikataa. Machi 2008 majeshi ya Umoja wa Afrika, wakiwamo wanajeshi wa Tanzania, yaliingia Anjouan kumwondoa Kanali Mohamed Bacar. Nchi iliyoitambua Biafra ilikuwa sasa inakirudisha kisiwa ndani ya Komoro kwa mtutu. Vita vyenyewe havikuwa vikubwa. Bacar alikimbilia Mayotte kwa boti.

Mwalimu alikuwa amelitafakari jambo hili katika uzee wake. Katika miaka ya 1990, Bunge lilipotaka serikali ya Tanganyika, alifananisha ubaguzi na kula nyama ya mtu: ukishaionja huachi. Wazanzibari wakitoka kwa kuwa wao ni Wazanzibari, watagundua kwamba kumbe wako Waunguja na Wapemba, na watu wa bara nao watagundua makabila yao. Historia ya Marekani inampa ushahidi. Virginia ilipojitenga na Muungano, kaunti zake za magharibi zilijitenga na Virginia, na mwaka 1863 zikawa jimbo la West Virginia. Hata hivyo hoja ya nyama ya mtu haikuzidi nguvu ile ya 1968. Mtu aliyezisema zote mbili alikuwa mmoja, na hakuna ushahidi kwamba aliikana mojawapo. Moja inaonya juu ya anayeondoka kwa kiburi, nyingine inamwonya anayembakiza mwenzake kwa mabomu.

Basi ni nini kilichozifanya Norway na Slovakia ziondoke salama, na Katalunya ikaishia rumande? Si uzito wa madai. Norway haikuwa imekandamizwa kwa kipimo cha Buchanan, ilikuwa inagombania kuwa na mabalozi wadogo wake yenyewe. Slovakia ilikuwa ikipokea fedha za shirikisho. Tofauti iko kwa aliyeachwa. Wasweden wengi hawakuiona Norway kuwa kiungo cha mwili wao, na wafanyakazi wao waliokuwa nyuma ya Hjalmar Branting walisema wazi kwamba hawataenda kupigana na wenzao. Wacheki, au tuseme waliokuwa madarakani, waliona mwenzao ni mzigo wa gharama. London ilikubali mwaka 2012 kwamba Waskoti wapige kura kwa kuwa haikutarajia kushindwa. Septemba 2014, tafiti za maoni zilipoanza kuonyesha pande mbili zinakaribiana, viongozi wa vyama vitatu walipanda haraka kaskazini na ahadi mkononi. Waskoti walibaki kwa asilimia 55.3. Walipotaka kurudia, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaambia Novemba 2022 kwamba bila ruhusa ya Westminster haiwezekani. Mlango uliofunguliwa na mwenye nyumba hufungwa na mwenye nyumba.

Hispania haikuufungua kabisa. Katiba yake ya 1978 inasema umoja wa taifa hauvunjiki, kama ndoa ya kanisani. Katalunya inatoa karibu moja ya tano ya uchumi wa nchi, na kwa Madrid kuikosa ni kukatwa mkono. Oktoba 2017 kura iliyopigwa kinyume cha mahakama ilikutana na virungu vya polisi. Kiongozi wa Katalunya, Carles Puigdemont, alikimbilia Ubelgiji, na wenzake tisa walihukumiwa mwaka 2019 vifungo vya miaka 9 hadi 13, kabla ya kusamehewa 2021.

Nchi nyingi za Afrika ziko katika hali ya tatu, ambayo Kiswahili kimeipa jina zamani: ndoa ya mkeka. Watu walikutwa pamoja, wakafungishwa papohapo na mashehe wasiowajua, Berlin na kwingineko, kisha wakaambiwa wapendane.

Na Marekani, ambako swali hili huzuka kila baada ya uchaguzi mchungu? Sheria yake imefunga mlango na kuacha ufa. Mwaka 1869, katika shauri la Texas dhidi ya White lililohusu hati za dhamana zilizouzwa wakati wa vita, Jaji Mkuu Salmon Chase aliandika kwamba muungano wa majimbo hauvunjiki, ila kwa mapinduzi au kwa ridhaa ya majimbo yenyewe. Ridhaa, basi, inatajwa. Namna ya kuitoa haikuandikwa popote, na njia inayofikiriwa zaidi ni kurekebisha katiba, jambo linalohitaji majimbo 38 kati ya 50. Tuseme yamekubali. Kiwanda cha Pantex, karibu na Amarillo, ndicho kinachounganisha silaha za nyuklia za Marekani, nacho kiko Texas. Deni la taifa limezidi dola trilioni 30. Wastaafu wa Houston wanadai pensheni waliyoichangia Washington maisha yao yote, na walio wengi mjini Austin watauliza swali la Wakri. Mambo haya yote yanaweza kuandikiwa mkataba, kama maji ya Johor. Kikwazo kikubwa zaidi ni kwamba nchi ile ilipoteza zaidi ya watu 600,000 ili isivunjike, na taifa lililolipa bei hiyo haliwezi kusema kwa urahisi kwamba bidhaa haikuwa na thamani.

Wapo wanaopendekeza sharti la kutoka liandikwe mapema, kabla ya ugomvi. Katiba ya Ethiopia ya 1995 inayo ibara ya 39: theluthi mbili ya baraza la taifa linalotaka kutoka, kisha kura ya maoni ndani ya miaka mitatu, kisha kugawana mali. Hakuna aliyeitumia, na Tigray ilipogombana na Addis Ababa mwaka 2020, walishika silaha. Kisiwa cha Nevis, katika Karibi, kilikijaribu kifungu chake Agosti 1998. Kilihitaji theluthi mbili, kikapata karibu asilimia 62. Watu walikwenda nyumbani na kesho yake wakafungua maduka. Cass Sunstein, mwanasheria wa Marekani, anaonya kwamba kifungu cha namna hiyo hugeuza kila mabishano ya bajeti kuwa tishio, mtu akashika begi kila chumvi inapozidi. Ana haki ya kuogopa. Lakini Nevis haijaondoka, na mlango wake uko wazi.

Tanzania haina kifungu cha kutoka. Ina kitu kingine, ambacho watu wachache hukikumbuka. Qurani, katika sura ya An-Nisaa, inaelekeza kwamba wanandoa wakihofiwa kufarakana ateuliwe mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwingine kutoka kwa jamaa za mke. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, bila kusema imetoa wapi wazo, inaunda Mahakama Maalum ya Katiba: nusu ya wajumbe wake wateuliwe na Serikali ya Muungano, nusu na Serikali ya Zanzibar. Kazi yake ni kutoa uamuzi wa usuluhishi pale serikali hizo mbili zinapogombania maana ya Katiba, na uamuzi hupita kwa theluthi mbili ya wajumbe wa kila upande. Januari 1984, mjini Dodoma, Aboud Jumbe alipoteza urais wa Zanzibar na vyeo vyake vyote baada ya kubainika kwamba alikuwa na rasimu ya shauri alilotaka kulipeleka mbele ya mahakama hiyo. Hakuwa akidai talaka. Alitaka kuuliza muundo wa nyumba. Mahakama haina jengo wala makao, kwa kuwa Katiba inaiachia ikutane popote itakapoamuliwa, na haijawahi kukutana hata siku moja.